Kadi za Ngoma kwa Herufi za Harusi

Kazi ya kupanga herufi hufanywa umesimama. Watu wakisikia kwamba nilikuwa mpiga chapa hudhani nilikaa kwenye kiti nikibonyeza mashine, na huwa nawaacha wadhani hivyo kwa sababu nimechoka kueleza. Tulisimama tangu asubuhi mpaka duka linafungwa. Kasha la herufi liko mbele yako, mkono wa kushoto umeshika kibao cha chuma, wa kulia unaokota herufi za risasi moja moja na kuzipanga, zikiwa zimegeuka ili karatasi ikija kuzigusa maneno yatoke sawa. Jioni miguu imevimba, macho yanawasha, na mate yana ladha ya risasi. Katika miaka ile ya hamsini, pale Shinyanga mjini, sikuwa na tamaa kubwa ya kitu chochote duniani. Nilitaka kulala tu.

Duka lilikuwa la Mhindi mmoja ambaye sote tulimwita tajiri, ingawa viatu vyake vilikuwa vimeshonwa-shonwa kuliko vyangu. Mbele aliuza vitambaa na sabuni. Nyuma kulikuwa na chumba cha chapa: mashine moja ya kukanyaga kwa mguu, makasha ya herufi, na debe la mafuta ya taa ya kuzisafishia. Kazi yetu kubwa ilikuwa notisi za serikali. Lipa kodi. Punguza ng'ombe. Lima matuta. Peleka mifugo joshoni. Marufuku hiki, marufuku kile. Zote zilipangwa kwa herufi nene, nyeusi, zilizosimama wima kama askari, na baada ya miaka kadhaa hata mimi niliyezipanga nilikuwa nikiziona zimebandikwa mnadani nazunguka, napita mbali.

Halafu zikaja zile herufi nyingine. Zilikuja kwa treni, zimefungwa kwa karatasi ya kahawia, pakiti bapa zenye uzito wa kushangaza. Tajiri alizifungua mwenyewe juu ya meza, akatandika kitambaa safi chini yake kwanza, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kwa kitu chochote kilichoingia chumba kile. Zilikuwa herufi za mwandiko. Yaani mtu fulani wa zamani huko Ulaya aliandika kwa kalamu ya unyoya, mwingine akauchonga mwandiko ule katika chuma, na sasa mimi Msukuma nilitakiwa niuokote kipande kwa kipande na kuuandika upya. Kila mstari ulikuwa mnene ukishuka na mwembamba ukipanda. Herufi kubwa zilikuwa na mikia iliyotoka, ikazunguka, ikarudi nyumbani. Ukizipanga vizuri, kila herufi ilimshika mwenzake mkono, na neno zima likatoka kana kwamba limeandikwa bila kuinua kalamu.

Tajiri alizitaja kwa jina lao la kigeni. Sisi tuliziita mabibi harusi, kwa sababu kazi yao ilikuwa kadi za harusi, na pia kwa sababu zilitaka kubembelezwa. Mikia ile ilitokeza nje ya kiwiliwili cha risasi ikabaki inaning'inia hewani. Ukikaza fremu inayozibana kupita kiasi, au ukiponyokwa na moja ikaanguka sakafuni, mkia umekatika na hakuna fundi wa kuurudisha. Tena idadi yake ilipangwa kwa lugha ya huko zilikotoka. Tulikuwa na e za kugawa bure, lakini a zilituishia kabla hatujamaliza kuwataja wazazi wa bwana harusi. Nilikuwa nachapa nusu ya kadi, nasubiri ikauke, navunja maneno, napanga nusu ya pili kwa a zile zile.

Nilijifunza adabu yake pole pole, mara nyingi kwa kukosea. Zilitaka maneno machache na nafasi nyeupe pande zote, kama mtu mnene anavyotaka benchi lake mwenyewe. Tarehe na mahali unaviandika chini kwa herufi ndogo za kawaida, ili jicho likishachoka kucheza lipate pa kukaa. Na usizipange herufi kubwa tupu hata siku moja. Karani mmoja wa baraza aling'ang'ania jina lake lote liwe kwa herufi kubwa za mikia. Nilimwambia, akanijibu kwamba yeye ndiye mwenye jina. Kilichotoka kilikuwa kichaka, mama yake mzazi asingemtambua mle ndani.

Wahindi na Waarabu wa mjini walizitaka kwa kadi za harusi, kisha makarani na walimu wetu nao wakaanza. Misheni ilizitaka kwa kadi za komunyo ya kwanza. Mtu mmoja aliyetengeneza sharubati alizitaka kwenye lebo ya chupa, na sharubati ile ile ya zamani, iliyokuwa haina mnunuzi, ikaanza kutoka. Klabu ya Wazungu wa mgodi wa dhahabu huko Geita iliagiza karatasi za kutaja vyakula vya Krismasi. Niliipanga ile karatasi bila kujua hata nusu ya vyakula vyenyewe, na nakumbuka nilipata njaa.

Nilizipenda, wala sioni sababu ya kuficha. Katika wiki nzima ya marufuku na kodi, kadi moja ya harusi ilinifanya nisahau miguu. Zile zilizoharibika, wino umetapakaa au mkia umekatika, nilikuwa nazibeba nyumbani, na mke wangu akazibandika ukutani juu ya kitanda kwa gundi ya unga. Hatukuwajua wale maharusi. Tulilala chini ya ndoa za watu.

Ni kwenye ukuta huo baba mkwe wangu aliziona.

Baba mkwe alikuwa manju, au ningi kama tusemavyo kwa Kisukuma: mtunzi na kiongozi wa ngoma. Aliishi upande wa Kishapu, nchi kavu ya pamba na ng'ombe. Kwa asiyejua, mashindano yetu ya ngoma yalikuwa hivi. Pamba ikishauzwa na watu wakawa hawana kazi shambani, manju wawili wa vyama viwili hukutana kwenye uwanja mmoja na kuanza kucheza wakati mmoja, kila mmoja na upande wake. Hakuna mwamuzi. Watazamaji wako huru, wanakwenda huku, wanarudi kule, na jua likianza kuzama mwenye watu wengi ndiye mshindi. Aliyeshindwa hutungiwa wimbo, na wimbo huo huimbwa na watu wakilima mpaka kiangazi kingine.

Mzee alikuwa akishinda tangu kabla sijamwoa binti yake. Kisha sauti ikaanza kumtoroka. Mwaka uliotangulia alikutana na manju kijana aliyekuwa ametoka kufanya kazi migodini Geita, amerudi na filimbi ya chuma na nyimbo mpya za kuchekesha, na kabla ya adhuhuri upande wa mzee ulikuwa umebaki na wapiga ngoma wake. Wimbo waliomtungia ulisema ana sauti ya jogoo aliyekunywa uji wa moto. Mke wangu aliusikia kisimani, hapa hapa mjini, wanawake wanaousikia mara ya kwanza wakiushangilia bila kujua ni wa baba yake. Alirudi nyumbani na ndoo tupu.

Wafuasi wa mzee walimwambia waziwazi: ukishindwa tena, ngoma tunampa mwingine. Hapo ndipo palipokuwa na jambo lote. Hakutaka kuongoza mpaka kufa. Alitaka kushinda mara moja zaidi, kisha aiweke ngoma chini mwenyewe, kwa mkono wake, mbele ya watu.

Alikuja mjini asubuhi ya Jumapili. Nilimkuta ameketi kwenye kitanda chetu, kofia magotini, anaangalia ukuta.

"Mwangaluka, baba," nikamwamkia kwa heshima.

"Mwangaluka, mwanangu." Sauti ilitoka inakwaruza. "Hizi ni nini?"

"Kadi za harusi, baba. Zimeharibika, ndiyo maana ziko hapa."

"Zinasema nini?"

"Majina ya watu tu, na siku ya harusi yao."

Hakujua kusoma. Akainuka, akapitisha kidole juu ya mkia wa herufi moja kubwa, akaufuata mpaka ulipoishia. Akaenda kwenye kadi nyingine akafanya vivyo hivyo. Kisha akaketi.

"Nataka hizi," akasema. "Za ngoma yangu. Wagawiwe watu minadani."

Nilikuwa nimechoka, na nikichoka huwa mkali. Nilimwambia kwamba herufi hizi si za makundi ya watu, ni za kushikwa mkononi na kusomwa taratibu na mtu aliyekaa. Hata wanaojua kusoma zinawakwaza. Nikamwambia nitampangia tangazo zuri kwa herufi nene, mtu aliye ng'ambo ya barabara aone.

"Zile za kodi?" akauliza.

"Ni herufi tu, baba."

"Mwanangu, mtu wa kwetu akiziona zile, hata kama hajui kusoma, anaanza kuhesabu ng'ombe wake kichwani. Nani atakuja kucheza?"

Nilijiona mwenyewe pale mnadani nikizizunguka notisi zangu.

"Baba watoto," mke wangu akasema kutoka mlangoni, sufuria mkononi, "fanya anavyosema baba." Hakusema kwa ukali. Lakini sufuria hakuiweka chini mpaka nilipoitikia.

Tajiri alikataa katakata. Mabibi harusi si wa kupiga ngoma, alisema, na kadi nyingi namna hiyo zitazimaliza. Siku iliyofuata mzee akaingia dukani mwenyewe, akaweka juu ya meza debe la samli ya Kishapu. Tajiri akafungua mfuniko, akanusa, akaufunga. Akaniambia nitumie kadi zile nzito zenye ukingo wa rangi ya dhahabu, zilizokuwa zimebaki kutokana na harusi iliyovunjika, maana zilikuwa zinaliwa na mende bure. Na mkia ukikatika, akasema, ni juu yangu.

Basi nikaipanga kadi ile, na niliipanga vizuri kuliko zote nilizowahi kupanga. Juu niliweka "Karibuni Ngomani", K kubwa ikitupa mkia wake chini ya neno zima hadi mwisho. Katikati jina la mzee, peke yake, na uwanda mweupe kila upande. Chini kabisa, kwa herufi ndogo za kawaida, siku na mahali. Nilikanyaga mashine taratibu kama mtu anayepita penye mtoto aliyelala. Mguu uliniuma hadi kiunoni. Nilipompa mzee kadi ya kwanza aliishika kwa kingo zake, akalitazama jina lake asiloweza kulisoma, akauliza, "Mimi ndiye huyu?" Nikamwambia ndiye. Akaiweka ndani ya shati, upande wa moyo, na hakuigawa kamwe.

Nyingine wafuasi wake walizisambaza. Walizipeleka minadani, kwenye vituo vya kununulia pamba, na dereva mmoja wa lori akabeba fungu zima mpaka kwa Wasukuma wanaochimba dhahabu Geita. Wanaume wakaanza kuzichomeka kwenye utepe wa kofia. Ikawa fasheni. Nilikuwa nasimama mlangoni mwa duka kunyoosha mgongo, naona kofia inapita na K yangu ubavuni, na uchovu unapungua kidogo. Mke wangu alikuwa akiniuliza kila jioni, "Leo umeona ngapi?" Nilikuwa nazidisha ili afurahi.

Siku ya mashindano tulitoka mjini kwa baiskeli, yeye nyuma kwenye keria. Upepo ulikuwa wa vumbi na nilikanyaga kwa kujikaza tu. Tulipoukaribia uwanja mke wangu akanipiga bega.

"Baba watoto, ona. Ona!"

Watu walikuwa wamejaa. Upande wa baba mkwe, karibu na kambi ya chama chake, si mbali na nyumbani kwake, ardhi haikuonekana. Na kila kofia ilikuwa na kadi. Upande wa pili yule manju kijana alikuwa amesimama na filimbi yake shingoni na wachezaji wake, anapigwa na upepo, hana mtu. Mke wangu alishuka kabla sijasimamisha baiskeli, akaenda mbio, na machozi yalikuwa yakimtoka wazi. Nilisema moyoni, zimefanya kazi.

Nilishangaa kidogo kwamba watu wote walikuwa wameketi. Mtu haketi kwenye ngoma. Hawa walikuwa wameketi makundi makundi, duara duara, wamekunja mikono ya mashati, wametulia kwa adabu kubwa, wanangoja. Mke wangu alipopita, mzee mmoja mwenye kadi kofiani alimsimamisha.

"Mayu, mama," akamwambia kwa upole, "maji ya kunawa yanaletwa lini?"

Hakuelewa. Mimi pia sikuelewa mpaka nilipochuchumaa kwenye duara moja nikauliza. Mchunga ng'ombe mmoja akanieleza, akinionea huruma kwa ujinga wangu. Yeye alikuwa mjini mwaka fulani Mwarabu alipomwoza binti. Kila aliyekuwa na kadi ya maandishi haya aliketi akaletewa sinia la pilau na nyama. Asiyekuwa nayo alichungulia uani. Mwingine akasema hata kwa mwalimu wa misheni ilikuwa hivyo hivyo. Mchimba dhahabu kutoka Geita akaongeza kwamba kule mgodini Wazungu wakitaka kula mpaka wavimbe, maandishi ni haya haya, ameyaona kwa macho yake mezani akipanga viti.

"Lakini imeandikwa ngoma," nikasema. "Hapa. Karibuni ngomani."

"Kijana wetu mmoja alitusomea," mchunga ng'ombe akajibu. "Ngoma ipo, hatukatai. Ngoma ya kawaida hailetewi kadi ya dhahabu, ndugu yangu. Hii ina chakula."

Nilibaki nimechuchumaa. Mimi ndiye niliyezipanga kadi zote zile, na zote, kweli, zilikuwa na chakula upande wa pili. Sikuwahi kupanga kadi ya mabibi harusi ambayo haikuishia kwenye sinia. Watu hawa walikuwa wamesoma sawasawa.

Nilimkuta mke wangu na baba yake wamesimama nyuma ya kambi. Alikuwa ameshamweleza. Mzee alikuwa anautazama ule umati, na uso wake haukuwa na hasira. Mdogo wa kiume wa mke wangu, kitinda mimba, alikuwa anasema kwa haraka kwamba wafukuzwe, waambiwe wamekosea, ngoma ipigwe sasa hivi wakiwa wangali hapa.

"Wamekuja kwa jina langu," mzee akasema. "Wametembea. Mtu ametoka Geita."

"Baba, nyama itatoka wapi?"

Mzee alikuwa anaangalia mbali, kwenye vichaka, ambako ng'ombe wake walikuwa wanachungwa, wale waliobaki baada ya serikali kumtaka apunguze. Yule kitinda mimba akafuata macho ya baba yake, akaelewa, akaanza kulia kwa sauti kama mtoto, kwa maana hao ndio waliokuwa wametengwa kwa mahari yake.

Walichinjwa. Mimi mwenyewe nilishika miguu, nilichuna ngozi, mikono iliyozoea risasi ikajaa damu. Wake za mzee na wanawake wa jirani walisonga ugali kwenye kila chungu kilichopatikana, mke wangu akipuliza moto mpaka macho yakawa mekundu. Nyama haiivi kwa haraka ya mtu. Jua likapanda, likasimama, likaanza kuelemea upande wa pili, na umati ukakaa pale pale, mpole, unasubiri, unasifu harufu. Ng'ambo ya uwanja manju kijana alichoka kungoja. Akapuliza filimbi na kuanza peke yake.

Tuligawa chakula. Watu walinawa, wakala, wakasifu. Niseme ukweli, sijawahi kuona wageni wenye adabu kama wale. Hawakugombana, hawakuficha nyama mfukoni. Waliposhiba walifuta mikono kwenye nyasi, wakaja mmoja mmoja mbele ya baba mkwe, wakavua kofia.

"Tumeshiba, baba. Tumeshukuru sana."

"Haya, karibuni tena," akawajibu mmoja mmoja.

Kisha walivaa kofia, wakasikiliza filimbi, wakaenda ng'ambo.

Hawakwenda kwa ubaya. Wimbo wa ng'ambo ulikuwa mzuri, hata mimi nilikuwa nauitikia tumboni bila kutaka. Na huku kwetu wapiga ngoma walikuwa wamechoka kwa kuchanja kuni na kubeba maji, majembe ambayo wachezaji wetu hucheza nayo yalikuwa yamelazwa chini tangu asubuhi. Mzee akawainua. Akasimama mbele yao, akaanza wimbo aliokuwa ameutunga mwaka mzima kwa ajili ya siku hiyo. Sauti yake, baada ya kukaa kutwa karibu na moshi, ilikuwa imebaki pumzi tu. Ilibidi uwe karibu ndipo usikie maneno, na waliokuwa karibu walikuwa mke wangu, mimi, wake zake, na vikongwe wachache waliolemewa na chakula. Mke wangu aliitikia. Aliitikia kwa nguvu zake zote, mishipa ya shingo imesimama, kama vile mtu mmoja anaweza kuwa umati. Nami niliitikia, ingawa sina sauti na sijui ngoma.

Mzee akaimba ubeti, na mwingine. Katikati ya wa tatu akainua mkono, ngoma zikanyamaza.

Nilidhani atazungumza. Labda kuwaaga wafuasi wake, au kunilaumu mimi, na angekuwa na haki. Aliuweka mkia wa nyumbu aliokuwa akiongozea ngoma juu ya ngozi ya ngoma kubwa, kwa utaratibu. Kisha akaingiza mkono ndani ya shati, akatoa ile kadi yake ya kwanza, imelainika kwa jasho, akavua kofia yake na kuichomeka kadi kwenye utepe. Akaivaa. Akaanza kutembea kuelekea ng'ambo.

Manju havuki uwanja. Wapiga ngoma walisimama wote. Mke wangu akaita, "Baba!" akataka kumfuata, nikamshika mkono, sijui kwa nini nilimshika. Mzee hakugeuka. Alifika pale umati ulipokuwa unacheza, watu wakampisha kidogo kama wanavyompisha mzee yeyote, akaingia katikati yao, na filimbi ikaendelea. Nilijaribu kumfuata kwa macho nijue amesimama wapi, lakini kofia zote kule zilikuwa na kadi.